Shajara ya jiko letu: miezi miwili ya kujiandaa kwa ukaguzi wa kushtukiza

2 Februari: tulipoanzia

Shajara hii ni kwa ajili ya yeyote anayeendesha jiko la biashara, liwe la meza mbili au hamsini. Nitaandika tulichojaribu, kilichoshindikana na kilichotugharimu, na nitaongeza kila hatua ikikamilika.

Wiki iliyopita afisa afya aliingia kwetu saa nane mchana, bila taarifa, wateja wakiwa wamejaa. Sakafu ilikuwa inang'aa. Wala hakuitazama. Alifungua friji, akachomeka kipimajoto chake katikati ya sufuria ya supu ya jana yake, akasubiri, kisha akaniita nisome mwenyewe: nyuzi 14, wakati haikupaswa kuzidi 5. Halafu akaomba daftari la halijoto. Nilimpa bila wasiwasi kwa sababu nilijua limejazwa lote. Kila asubuhi nyuzi 4, kila jioni nyuzi 4, miezi miwili mfululizo, mwandiko mmoja na wino mmoja, hata zile Jumapili mbili ambazo jiko lilikuwa limefungwa. Aliligeuza upande wangu, akaweka kidole juu ya Jumapili mojawapo, akanyamaza.

Tumepewa onyo la maandishi na tumeambiwa atarudi. Siku hakuitaja, na hatakiwi kuitaja. Onyo limeniuma, lakini supu imeniuma zaidi. Saa moja baadaye ingepashwa moto kidogo na kuwekwa mbele ya mtoto wa mtu.

Jiko lenyewe lina watu saba, friji mbili, friza moja, masinki matatu, mlango wa mbele na wa nyuma.

4 Februari: nimejikagua mwenyewe

Nimeingia kwa mlango wa nyuma saa ile ile ya nane, bila kumwambia mtu. Niliyoyaona kwa dakika ishirini: sinki la kunawia mikono limejaa masufuria, sabuni imekwisha, trei ya kuku mbichi iko rafu ya juu, kachumbari isiyofunikwa iko chini yake, kitambaa kimoja kinafuta meza, kisu na mikono, chupa ya klorini haina lebo, vyakula vitatu ndani ya friji havina tarehe na hakuna anayekumbuka vilipikwa lini.

Kuku tumemshusha rafu ya chini kabisa hapo hapo, kachumbari nimeitupa. Kosa nililofanya baada ya hapo (haya nimeyaongeza baadaye) lilinigharimu zaidi ya kachumbari: niligomba mbele ya wote. Kesho yake nilipoingia tena, mtu alikohoa kwa nguvu mlangoni na nikasikia milango ya makabati ikifungwa haraka haraka. Kwa siku moja tu nilikuwa nimewafundisha kuficha. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu karibu kila kilichoharibika baadaye kilianzia hapa.

5 Februari: vipimajoto

Tulikuwa na viwili. Nimevichomeka kwenye sufuria moja, kimoja kikasoma 63, kingine 59. Kabla hujapima chakula, pima kipimo.

Njia tuliyotumia ni ya barafu. Ponda barafu, jaza kikombe hadi ukingoni, ongeza maji baridi kiasi cha kujaza nafasi zilizo kati ya vipande, koroga, kisha chomeka kipimajoto bila kugusa chini wala pembeni. Kikitulia, kinapaswa kusoma sifuri. Njia ya maji yanayochemka nayo hufanya kazi, ila ukiwa sehemu za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mtu asiyelijua hilo atakiharibu kipimo kizima. Barafu haina shida hiyo.

Kimoja kimesoma sifuri, kingine kilisimama kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa kikitumika kwenye friji. Kwa hiyo hata kama mtu angepima kwa uaminifu, friji ya nyuzi 8 angeiandika 4. Nimekitupa na kununua viwili vipya. Jaribio la barafu litafanyika kila Jumatatu asubuhi na kuandikwa.

9 Februari: friji isiyopoa

Friji kubwa imesoma nyuzi 9 mchana kwa siku tatu. Nilishaamini kompresa inakufa, nikaanza kuulizia bei ya friji mpya. Fundi amekuja na kuniokolea pesa hizo. Alifungia kipande cha karatasi mlangoni, akakivuta, kikatoka bila ukinzani wowote: mpira wa mlango umechakaa na baridi inavuja. Nyuma, koili zilikuwa zimevaa vumbi na mafuta mazito kama blanketi. Vyote viwili vimerekebishwa kwa saa mbili.

Kesho yake nyuzi zilishuka hadi 6, zikagoma hapo. Sababu ya tatu ilikuwa sisi wenyewe. Tuliijaza friji hadi ukutani, hewa ikakosa pa kupita, na kila usiku tuliingiza masufuria yenye joto. Friji imetengenezwa kutunza baridi ya kitu kilichokwisha kupoa. Sufuria ya lita ishirini inayotoa mvuke inaishinda, na inapasha moto kila kilicho jirani yake. Tumetoa theluthi ya vitu. Leo asubuhi nyuzi 3, mchana 5.

Gharama: mpira mmoja, ujira wa fundi, na uamuzi wa kununua kidogo mara nyingi badala ya kurundika.

14 Februari: kupoza supu

Nimeipa hatua hii siku tano kwa sababu ndiyo iliyotupatia onyo.

Nyuzi 5 hadi 60 ndilo eneo ambalo vijidudu huzaliana haraka, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Mpishi wetu mkuu, tunayemwita Mama, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, aliniuliza swali la haki kabisa: "Mwanangu, supu imechemka saa tatu nzima. Kuna kidudu gani kilichobaki?" Jibu ni kwamba baadhi hubaki. Clostridium perfringens kwenye nyama na mchuzi, na Bacillus cereus kwenye wali, hutengeneza mbegu ngumu zinazostahimili kuchemka. Chakula kikipoa polepole mbegu hizo huamka na kuzaana. Huyu wa wali anaweza pia kuacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi.

Jaribio la kwanza: tuliacha sufuria ya lita ishirini mezani ikiwa imefunikwa, kama tulivyozoea. Baada ya saa nne katikati bado kulikuwa na nyuzi 41. Mama aliisoma namba mwenyewe, akaketi.

Jaribio la pili: trei pana, kina cha sentimita tano. Lilishindikana pia, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Msaidizi alizipanga trei moja juu ya nyingine ili zisichukue nafasi, na kwa kufanya hivyo akawa ameijenga upya ile sufuria.

Jaribio la tatu ndilo tunalolitumia. Supu inagawanywa kwenye sufuria ndogo, sufuria zinasimamishwa kwenye sinki lenye maji na barafu, mtu anakoroga kila baada ya dakika kumi. Ikishuka chini ya nyuzi 21 inamiminwa kwenye trei, trei zinaingia friji bila kubebana, vifuniko vikiwa wazi upande mmoja hadi zipoe kabisa. Tumechukua kipimo kilichomo kwenye kanuni za vyakula za Marekani: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Jana tulifika 21 kwa dakika hamsini.

Gharama: lita ishirini za supu zilizomwagwa, mfuko wa barafu kila siku, na nusu saa ya mtu mmoja kila jioni. Tumeanza pia kupika supu kidogo zaidi. Sikutegemea mabadiliko hayo, lakini ndiyo yaliyopunguza kazi kuliko yote.

20 Februari: fomu ya mistari 46

Nilikaa usiku mmoja nikatengeneza fomu inayogusa kila kitu, mistari 46 kwa siku. Nilijivunia. Siku ya nne niliikuta ikijazwa yote kwa mkupuo saa nne usiku, na friji ikarudi kuwa nyuzi 4, 4, 4.

Nimeikata. Nilirudi kwenye mantiki ya HACCP, ule mfumo wa kulinda usalama wa chakula uliobuniwa Marekani miaka ya 1960 na kampuni ya vyakula ya Pillsbury pamoja na shirika la anga za juu, NASA, na maabara za jeshi kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Walikuwa na tatizo ambalo kila jiko linalo: huwezi kupima kila sahani iliyokamilika, maana ukiipima umeiharibu. Basi wakachagua hatua chache ambazo zikiponyoka hakuna hatua ya mbele itakayookoa, wakazilinda hizo. Nimeupitia kila mstari kwa swali hilo. Sakafu ikiwa na doa, inafutwa. Kuku akitoka mbichi katikati, hakuna cha kumwokoa mteja. Imebaki mistari sita: mapokezi ya vitu vya baridi, friji mara mbili kwa siku, joto la katikati la nyama, joto la chakula kinachosubiri kuuzwa, upozaji, na afya ya wafanyakazi wanapoingia zamu. Usafi una ratiba yake pembeni, ukutani.

Daftari nalo limehama. Lilikuwa ofisini kwangu, sasa limening'inia kwenye mlango wa friji pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi na kipimajoto.

26 Februari: namba mbaya

Mistari ni sita, daftari liko mlangoni, na bado nyuzi 4 kila siku. Leo nilimwita kijana wa vyombo, ambaye ndiye hupima asubuhi, nikamuuliza taratibu, tukiwa wawili tu.

Akatazama chini. "Bosi, nikiandika tisa, si utasema mimi ndiye niliyeacha mlango wazi?"

Hapo ndipo yale magombezo ya tarehe 4 yaliponirudia. Tatizo halikuwa uvivu wala ujinga. Kwenye jiko langu namba nzuri ilikuwa kinga na namba mbaya ilikuwa kesi, kwa hiyo mtu mwenye akili aliandika 4.

Tumefanya mabadiliko mawili. Kwanza, kila mstari umeongezewa nafasi pana iliyoandikwa "Umefanya nini?". Namba mbaya yenye jibu hapo ni kazi iliyokamilika. Pili, nimetamka mbele ya watu wote saba kwamba hakuna atakayekatwa wala kugombezwa kwa namba mbaya aliyoiandika, na nimewaomba radhi kwa siku ile. Kuomba radhi kulikuwa kugumu kuliko kumwaga supu, lakini kusingefanyika, mengine yote yasingesimama.

1 Machi: ya kwanza

Saa moja asubuhi daftari limeandikwa: "Friji ndogo 11. Mlango haukufungwa vizuri usiku. Maziwa na nyama iliyopikwa nimetupa. Mayai yamehamia friji kubwa. Nimepima tena saa tatu: 4." Mwandiko wa kijana wa vyombo. Nimemshukuru mbele ya wenzake, na nimelipia hasara bila kuuliza mlango uliachwa na nani.

Ukurasa huo ndio wa kwanza ninaouamini.

6 Machi: klorini

Tulifanya makosa matatu, la tatu la hatari.

La kwanza, tulikuwa tunapulizia dawa juu ya meza yenye mafuta. Uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijagusa kijidudu. Ni sabuni kwanza, suuza, ndipo dawa, na dawa iachwe ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kufuta papo hapo ni kupoteza dawa.

La pili, tulikuwa tunamimina kwa makadirio, "hadi inuke". Mikono ilibabuka. Kwa dawa ya asilimia 5, mililita 2 kwa lita moja ya maji hutoa takriban miligramu 100 za klorini kwa lita, na kwa meza na mbao za kukatia inatosha. Tumenunua bomba la sindano lisilo na sindano kwa ajili ya kupimia. Mchanganyiko unatengenezwa upya kila asubuhi kwa sababu hudhoofika ukikaa, hasa kwenye mwanga.

La tatu lilitokea Jumanne. Msaidizi alitaka sinki ling'ae zaidi, akachanganya klorini na dawa ya kutoa ukoko wa maji, ambayo ni tindikali. Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu. Alianza kukohoa, macho yakamtoka machozi, tukatoka wote nje na kuacha milango wazi. Alipelekwa kituo cha afya na kurudi nyumbani jioni akiwa salama. Jiko lilifungwa siku ile, na chakula cha mchana chote kilipotea. Dawa hizi mbili sasa haziko hata chumba kimoja, na kila chupa, hata ndogo ya kupulizia, ina jina lake kwa maandishi makubwa. Tafadhali, ukichukua jambo moja tu kutoka kwenye shajara hii, chukua hili.

11 Machi: sinki la mikono

Niliweka bango: "Hapa ni kunawa tu." Masufuria yalirudi baada ya siku mbili. Nikaweka bango kubwa zaidi, yakarudi. Kisha nikasimama pembeni saa ya msongamano nikatazama tu. Vyombo vichafu vinatoka ukumbini vimejaa mikononi, sinki la vyombo limejaa, na sehemu tupu ya kwanza ambayo mtu anakutana nayo ni sinki la mikono. Hakukuwa na mahali pengine pa kuviweka. Tumepachika rafu ya chuma kando ya mlango. Tangu hapo sinki liko wazi, na mabango nimeyabandua yote mawili.

17 Machi: panya

Kwa ufupi. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6 tu, kwa hiyo tulizunguka na penseli: penapoingia penseli, pazibwe. Tumepata matundu tisa, mengi kando ya mabomba. Tumeyajaza nyuzi za chuma na saruji, na mlango wa nyuma umewekewa brashi chini. Mchoro wa mahali ilipo mitego uko kwenye faili. Nusu siku ya kazi.

24 Machi: ukaguzi wa majaribio

Ukaguzi wa kwanza nilitangaza ufanyike Ijumaa. Alhamisi usiku walisugua hadi saa sita, Ijumaa kila kitu kikawa kamili, Jumamosi tukarudi tulikokuwa. Sikujifunza lolote. Nikapatana na mwenzangu mwenye jiko lake: yeye atakuja kwetu siku na saa anayotaka yeye, nami nitakwenda kwake vivyo hivyo. Mimi mwenyewe sijui atakuja lini.

Amekuja leo saa tano asubuhi. Friji sawa, upozaji sawa, sinki sawa. Kisha akamuuliza kijana wa vyombo swali ambalo mimi sijawahi kumuuliza: "Ulipougua mara ya mwisho ulifanyaje?" Kijana akajibu kwa ukweli kwamba wiki iliyopita aliharisha siku mbili na alikuja kazini siku zote mbili, kwa sababu asiyekuja halipwi. Mstari wa afya alikuwa ameandika "mzima".

Mwenye kuharisha au kutapika anatakiwa akae mbali na chakula hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome, kwa kuwa anaweza kuendelea kutoa vijidudu hata akijisikia amepona. Kanuni hiyo tulikuwa nayo ukutani, lakini malipo yetu yalikuwa yanaivunja. Kuanzia leo siku za ugonjwa wa tumbo zinalipwa. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi huu na ni ya kudumu. Nimeipunguza makali kwa kuwafundisha wawili wa ukumbini kazi za kuosha vyombo, ili pengo lizibike.

2 Aprili: amerudi

Saa moja na nusu usiku, mvua inanyesha, msaidizi mmoja yuko nyumbani anaumwa tumbo. Afisa yule yule. Hakuna aliyekohoa mlangoni. Mama alimsalimia, akampa kofia ya nywele, akaendelea na kazi yake.

Alichomeka kipimajoto kwenye trei tatu: 4, 4, 5. Kisha akachukua daftari na kulifungua kwenye zile kurasa ambazo siku zote ningetamani aziruke. Akakuta 11 ya tarehe 1 Machi. Akasoma mpaka mwisho wa mstari, akamwita kijana wa vyombo akamwambia aeleze. Kijana akaeleza, akafungua friji, akamwonyesha mpira wa mlango na jinsi tunavyoujaribu kwa karatasi. Mimi sikuulizwa kitu.

Amekaa dakika arobaini. Ameandika dosari mbili: taa iliyo juu ya meza ya kukatia haina kifuniko, ikipasuka vioo vitaangukia chakula, na ubao mmoja wa kukatia una mikwaruzo mirefu isiyosafishika.

3 Aprili

Ubao umetupwa. Kifuniko cha taa kimefungwa leo saa nne asubuhi, dakika kumi na tano za kazi. Mwenzangu bado ananidai ziara moja.